Habari za Hoteli Nilizolala Mjini London

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu mmoja mstaafu mbele ya mkutano wa chama. Tumeichapa kama alivyoisoma, ila maneno machache ya mzaha juu ya Mhazini tumeyapunguza. — Mhariri)



Bwana Katibu aliponiandikia barua kuniomba nije kusema mbele yenu, alinipa mambo matatu nichague moja: jinsi ya kuweka akiba kwa ajili ya uzee, faida za bustani ya mboga, au safari zangu za Ulaya. La kwanza sina haki ya kulisema, kwa maana Mhazini yupo hapa na daftari lake analo. La pili mke wangu analijua kuliko mimi. Basi nimelishika la tatu, na ndani yake nimechagua jambo moja tu, nalo ni hoteli. Watu wengi waliorudi kutoka Ulaya hutusimulia habari za majumba ya wafalme, madaraja, na magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi; walakini mtumishi wa Serikali aliyetumwa ng'ambo halali katika jumba la mfalme. Hulala hotelini, na kama usiku haukumwendea vema, kazi ya mchana nayo haimwendei vema. Tena wako vijana wetu ambao wamekwisha kupata barua za kwenda masomoni, nami ningependa wasikie yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu.

Nalikwenda London mara tatu kwa kazi ya Serikali: mwaka 1976, mwaka 1989, na mwaka 2009, yaani mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Safari ya pili na ya tatu nitazieleza kwa ufupi. Ya kwanza itanichukua muda, nami namwomba Bwana Mwenyekiti asinipigie kengele upesi, kwa maana katika safari ile mna jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu wengi.

Nalifika London katikati ya mwezi wa Agosti 1976. Umri wangu ulikuwa miaka ishirini na sita, karani wa hesabu, nimepewa nafasi ya kusoma miezi tisa. Kabla ya kuondoka wazee wa afisi walinionya sana juu ya baridi, na mmoja wao akaniazima koti lake la sufu, zito kama gunia la chumvi lililolowa. Nikashuka katika ndege nimelivaa. Kumbe mwaka ule Uingereza ilipatwa na ukame ambao watu wake wanauhadithia mpaka leo. Jua lilikuwa kali, majani ya bustani zao yamekauka yakawa manjano kama ya Dodoma mwezi wa Oktoba, na matangazo yalibandikwa kila mahali kuwataka watu wasipoteze maji. Bunge lao lilitunga Sheria ya Ukame mwezi ule ule, na Bwana Denis Howell akateuliwa kuwa Waziri wa kushughulikia jambo hilo. Siku chache baada ya kuteuliwa, mvua ikanyesha kwa wingi. Wenyewe walimtania tu. Kwetu angaliitwa mganga wa mvua na kuletewa mbuzi.

Chumba changu kilikuwa kimekwisha kuwekwa kwa barua katika hoteli moja iliyo upande wa magharibi wa mji. Jina la hoteli sitalitaja, kwa sababu wenyewe hawapo hapa kujitetea. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nikaingia na sanduku langu na lile koti mkononi, nikampa karani wa mapokezi barua yenye jina langu na tarehe. Aliitazama barua, akanitazama mimi, akaitazama barua tena. Kisha akaingia chumba cha ndani, akatoka na bwana mmoja mtu mzima aliyevaa tai, mwenye sauti ya upole sana. Bwana yule akaniambia ya kwamba amesikitika, lakini pametokea kosa katika daftari lao, na chumba changu amepewa mtu mwingine, na chumba kingine hakuna. Nikamwuliza kama nitaweza kungoja. Akasema haitafaa kitu.

Nilipokuwa ningali nimesimama pale nikifunga kamba ya sanduku, wakaingia bwana na bibi, Wazungu, hawana barua wala nini. Nalimsikia bwana akiuliza kama chumba kipo kwa siku mbili. Karani akageuka ukutani akatwaa ufunguo akampa. Basi nikarudi mezani nikasema, 'Bwana, mbona hawa wamepata?' Yule mwenye tai akanijibu kwa upole ule ule ya kwamba hicho ni chumba cha namna nyingine.

Nataka mtambue neno hili, wenzangu. Mtu yule hakutaja rangi yangu hata kidogo. Hakunitukana, hakupaza sauti, na mlangoni alinifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kama angalinitukana ningalijua la kufanya, au walau ningalijua nimefanywa nini. Nalitoka njiani nimechanganyikiwa, nikijiuliza kama labda kweli daftari lilikosewa, au labda Kiingereza changu hakikutosha, au labda ni hili koti.

Afisi zote zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya siku ya Jumamosi. Mzee mmoja mwuza magazeti, aliyeniona nikipita mara mbili mbele yake, aliniambia nipande gari la chini ya ardhi niende King's Cross, karibu na stesheni kubwa, ambako ziko nyumba nyingi ndogo za kulaza wageni. Nikaenda. Katika uwanja uitwao Argyle Square nyumba karibu zote zilikuwa za namna hiyo, kila moja na kibao dirishani cha kuonyesha kama nafasi ipo. Nikabisha hodi ya kwanza penye kibao cha nafasi. Nikaambiwa kibao kimesahauliwa. Nikabisha ya pili, kibao kimesahauliwa. Wakati huo ilikuwa saa moja na nusu ya jioni, na jua lao la kiangazi lingali juu. Nikabisha ya tatu, nimekwisha kutayarisha uso wa kuambiwa kibao kimesahauliwa.

Mlango ukafunguliwa na mama mmoja mnene, mikono imejaa unga. Akatazama koti. Akacheka mpaka akashika mlango, akasema, 'Mwanangu, nani amekudanganya?' Akaniingiza ndani, akanipa maji ya kunywa kabla ya kuniuliza jina.

Mama yule alikuwa mjane, Mwairishi. Nalimwita Mama, naye hakukataa. Siku ile ya kwanza sikumweleza kitu. Lakini baada ya siku tatu, tukiwa jikoni, nikamsimulia habari ya hoteli ile na vibao vilivyosahauliwa. Hakushangaa. Alisema alipofika London na mumewe katika miaka ya 1950, walitembea juma zima wakitafuta chumba, na kadi za madirishani zilisema hawatakiwi Waairishi wala watu weusi. 'Kadi ile ile ilitutaja sisi na ninyi pamoja,' akasema, 'basi mimi na wewe tumekwisha kujuana zamani.'

Chumba changu kilikuwa juu kabisa, ngazi ya nne, kidogo kiasi cha kwamba ukifungua kabati lazima ukae kitandani. Bei ilikuwa pauni 4 kwa usiku pamoja na chakula cha asubuhi, na akanipunguzia nilipokubali kulipa kwa juma. Choo na bafu vilikuwa chini, ngazi mbili, vya watu wote. Katika beseni la kunawia palikuwa na mifereji miwili mbalimbali, mmoja wa maji ya moto yanayounguza na mmoja wa maji ya baridi, wala havikutani. Nalidhani ni upungufu wa nyumba ile, lakini niliona hivyo hivyo kila mahali. Fundi mmoja alinieleza sababu: maji ya baridi hutoka moja kwa moja katika bomba la mji, nayo ni ya kunywa, maji ya moto katika nyumba za zamani hutoka katika tangi lililo darini, ambamo huenda panya ametumbukia, kwa hiyo hawakutaka yachanganyike. Basi Mwingereza huziba beseni, hufungua yote mawili, akanawa humo. Sisi tuliozoea kunawa kwa maji yanayotiririka huona taabu, na mimi nalinunua kopo.

Ulipofika mwezi wa Oktoba koti la mzee likapata kazi yake. Chumbani palikuwa na jiko la gesi la kupashia moto, na kando yake sanduku la chuma lenye tundu. Ukitia peni 10 moto unawaka; peni zikiisha moto unazimika pale pale, hata kama uko katikati ya sentensi. Usiku wa kwanza wa baridi kali nilikuwa na noti ya pauni 5 na sina peni hata moja. Nikalala na viatu. Tangu siku ile nilikuwa na kawaida ya kuweka peni katika kisahani cha sabuni, na nilizihesabu kila jioni kama mtu ahesabuye kuku kabla ya kufunga banda.

Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi ni la chakula. Mimi ni Mwislamu, na chakula cha asubuhi cha Waingereza ni mayai, nyama ya nguruwe na soseji za nguruwe, vyote katika kikaango kimoja. Siku ya kwanza nilikula mkate na chai tu, siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Mama akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza kwa aibu. Kesho yake nikakuta kikaango kipya kimetundikwa ukutani mbali na vingine, mpini wake umepakwa rangi ya kijani, naye amewaambia wageni wote kwamba atakayekigusa atahama. Siku chache baadaye ukaandama mwezi wa Ramadhani. Kufunga London wakati ule wa mwaka si sawa na kufunga kwetu, maana jua lilituchwea karibu saa mbili ya usiku, na alfajiri ilikuja upesi sana. Nalikusudia kufunga kwa siri nisimsumbue mtu, lakini msichana wa kufagia alimwambia Mama ya kwamba sili. Basi usiku wa pili niliposhuka kunywa maji, nikakuta nje ya mlango wangu chupa ya chai ya moto, mkate, na mayai mawili yaliyofunikwa kwa sahani. Akaniwekea daku hivyo hadi mwezi ukaisha, na bei hakuongeza. Msikiti mkubwa wa Regent's Park ulikuwa ungali unajengwa, ulimalizika baadaye. Siku ya Idi nalimpelekea Mama sanduku la tende, akaziweka juu ya rafu jikoni kama mapambo, kwa kuwa hakujua kama zaliwa bila kupikwa.

Sasa nitaingia katika habari ya jalada.

Kama mjuavyo, masurufu ya safari hayana budi kurejeshewa hesabu, na kila senti iwe na stakabadhi. Mwezi wa Septemba nikaletewa swali kutoka afisini nyumbani: barua ya kuwekea chumba inataja hoteli fulani, na stakabadhi zangu zimetoka katika nyumba nyingine; nieleze sababu. Nalikaa na karatasi ile siku mbili. Nilijua la kuandika, na mkono haukutaka. Naliona nikiandika kwamba nimefukuzwa kwa ajili ya rangi yangu, kwanza sina ushahidi. Pili nitaonekana ni mtu wa fitina, kijana aliyepewa nafasi ya kwanza na kuanza kulalamika kabla ya juma kwisha. Na tatu, nasema kweli, naliona haya. Aliyetendewa ni mimi, na haya nikaziona mimi. Nikaandika: 'Hoteli ilikuwa imejaa.' Maneno matatu, na sahihi yangu chini. Mkaguzi akaridhika, na karatasi ikaingia jaladani.

Mwanzo wa mwaka 1977, katika somo la sheria, mwalimu wetu alitufundisha juu ya sheria mpya ya kuzuia ubaguzi wa rangi iliyopitishwa Novemba 1976. Alianza nyuma, akatuhadithia kesi ya Learie Constantine. Bwana huyu alizaliwa Trinidad, na alikuwa mchezaji wa kriketi mwenye sifa dunia nzima. Wakati wa vita alikuwa mtumishi wa Wizara ya Kazi ya Uingereza, akiangalia hali ya mafundi waliotoka visiwa vya West Indies. Yaani, wenzangu, alikuwa mtumishi wa Serikali kama sisi. Mwezi wa Julai 1943 aliweka vyumba katika Hoteli ya Imperial, Russell Square, kwa siku nne, yeye na mkewe na binti yake, kwa sababu alikuwa na mchezo katika uwanja wa Lord's. Alilipa pauni 2 za kutangulia, na aliuliza mapema kama rangi yake italeta taabu, akaambiwa haitaleta. Walipofika tarehe 30 Julai waliambiwa watalala usiku mmoja tu, kwa maana wageni wengine, hasa Wamarekani weupe, hawatapenda. Wakahamia hoteli nyingine. Constantine akaenda mahakamani. Mwezi wa Juni 1944 Jaji Birkett aliamua ya kwamba haki yake imevunjwa, kwa kuwa sheria ya kale ya Uingereza humlazimisha mwenye nyumba ya wageni kumpokea msafiri akiwa na nafasi, isipokuwa kwa sababu ya haki. Fidia aliyopewa ilikuwa gini 5 tu. Lakini kesi imebaki katika vitabu vya sheria, na mwenyewe alipewa cheo cha Sir mwaka 1962, na mwaka 1969 akaingia katika Baraza la Malodi, mtu mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo ya maisha. Alifariki mwaka 1971.

Mwalimu akaendelea kutueleza sheria ya mwaka 1965, iliyotaja hoteli waziwazi, kisha ya 1968, ambayo mtu akionewa alipeleka mashtaka yake kwa baraza lililowekwa kwa kazi hiyo, kisha hii mpya, iliyompa mtu ruhusa ya kwenda mahakamani mwenyewe. Mimi nimeketi nyuma, kalamu imesimama. Kumbe siku ile ya Agosti sheria ilikuwapo, na mlango wa kupeleka mashtaka ulikuwapo, na mashahidi wangu walikuwa bwana na bibi wale waliopewa ufunguo mbele ya macho yangu. Mimi nalitembea na sanduku kama mtu asiye na kwao. Siku zile sheria zimebadilika tena. Iliyopo Uingereza leo ni Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, na vijana wetu waisome kabla ya kupanda ndege.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Mei. Jalada lilikuwa pale pale, nalo silikufungua. Nitalirudia hapo mbele.

Safari ya 1989 ilikuwa ya fahari. Tulikuwa wanne, mkutano wa juma moja, nasi tukawekwa katika hoteli kubwa karibu na Hyde Park. Mlangoni alisimama bawabu mwenye kofia ndefu na vifungo vya dhahabu, na mkuu wa msafara wetu akampigia saluti. Vyumba vilikuwa vikubwa kuliko nyumba yangu ya Serikali. Mlikuwa na kabati la barafu lenye soda na karanga, na mwenzetu mmoja alidhani ni ukarimu, akala na kunywa siku tano. Alipoletewa hesabu, posho yake ya siku mbili ilikwenda kwa karanga. Mwingine aliibiwa kamera chumbani. Tulipokwenda kulalamika tukaonyeshwa tangazo dogo lililobandikwa kando ya mapokezi, ambalo sote tulilipita siku zote bila kulisoma. Linatokana na Sheria ya Wenye Hoteli ya mwaka 1956: mali ya mgeni ikipotea, mwenye hoteli hulipa mwisho pauni 50 kwa kitu kimoja, na pauni 100 kwa vyote pamoja, ila kama ni kosa lake au la watumishi wake, au kama kitu kilikabidhiwa kwao kuwekwa salama. Mwenzetu akalipwa pauni 50, na kamera ilimgharimu zaidi ya mara tatu ya hizo. Basi fedha na vitu vya thamani vikabidhini mapokezi, mpewe stakabadhi. Katika hoteli ile hakuna aliyejua jina langu, na hakuna aliyenikosea. Nalilala vizuri, wala sina zaidi la kusema juu yake.

Mwaka 2009 nilikuta ulimwengu mwingine. Chumba kiliwekwa kwa intaneti, ufunguo ni kadi, na taa hazikuwaka mpaka kadi itiwe katika kitundu kando ya mlango. Nalikaa gizani robo saa kwa kuona aibu kuuliza. Mapazia hayakunuka tumbaku, kwa kuwa uvutaji ndani ya nyumba za watu wote ulikatazwa tangu Julai 2007. Lakini karatasi ya kujiandikisha ilikuwa ile ile, jina na uraia, kwa amri ya mwaka 1972. Sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola amri hiyo haitudai nambari ya pasipoti.

Asubuhi ya pili nikamkuta barazani mama mmoja akisukuma gari la mashuka, akiimba polepole kwa Kiswahili. Nikamwamkia. Akashtuka, akasema, 'Jambo, papa! Papa anatoka wapi?' Yeye alitoka Bukavu, katika Kongo. Aliniambia ana vyumba kumi na vitano kwa zamu, na kwamba taulo ukiliacha chini maana yake libadilishwe, na ukilitundika maana yake utalitumia tena. Nami kwa siku moja nalikuwa nimetupa yote chini kwa kutojua. Tangu siku ile niliyatundika, na kitanda nilikitandika mwenyewe. Nikamwuliza kama wageni wanamwamkia. Akafikiri, akasema, 'Wamoja wamoja.'

Siku ya mwisho nilikwenda Argyle Square kwa miguu. Mlango niliutambua, lakini rangi imebadilishwa, na kijana aliyefungua hakupata kusikia habari za Mama.

Bwana Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimalize habari ya jalada.

Mwezi wa Januari 1978 ndugu yetu mmoja wa idara yangu alipelekwa London. Karani wa masijala alipotafuta hoteli ya kumwekea, alifanya kama tufanyavyo sote: alifungua jalada la safari iliyotangulia. Akakuta jina la hoteli, anwani, na bei, wala hapakuwa na neno baya, ila tu kwamba wakati fulani ilikuwa imejaa, jambo ambalo ni sifa kwa hoteli. Akaandika barua. Ndugu yule alifika usiku, katika baridi kali ya majira yale, akaambiwa pametokea kosa katika daftari. Hakumpata mwuza magazeti wala Mama. Alikwenda stesheni, akakaa juu ya benchi mpaka asubuhi. Siku ya tatu akashikwa na kichomi, akalazwa hospitali majuma matatu, na masomo yake yakakatwa. Akarudishwa nyumbani bila cheti.

Aliporudi nalikwenda kwake. Nikamweleza yote, tangu ufunguo wa ukutani hadi yale maneno matatu. Hakukasirika kama nilivyotazamia. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, 'Ndugu yangu, nilipokuwa pale bengini nilidhani ni mimi wa kwanza.' Marehemu sasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakupata nafasi nyingine ya masomo hata alipostaafu.

Juma lile nikaandika maelezo ya kurasa mbili kwa mkuu wa idara, nikayafunga juu ya ile karatasi yangu ya 1976. Mkuu aliyasoma nikiwa nimesimama mbele yake. Akaifuta hoteli katika orodha, akaandika barua kwa afisi yetu ya London. Kwangu alitoa swali moja tu: 'Kwa nini imekuchukua miezi ishirini?' Sikuwa na jibu la kumpa, na leo pia sinalo.

Nimekuja na vitu viwili. Cha kwanza ni stakabadhi ya mwisho ya Mama, ya mwezi wa Novemba 1976, imeandikwa kwa mkono wake. Amehesabu siku zote ila moja, ya Idi, na kando yake ameandika neno moja, 'mgeni'. Cha pili ni nakala ya maelezo yangu ya kurasa mbili. Naomba zizungushwe kuanzia kwa vijana wanaosafiri, na Bwana Katibu anirudishie kabla sijaondoka, kwa maana sina nyingine.